Fahamu: Kwa nini jina la Silva limeenea kiasi hiki?
Silva, jina la ukoo linaloongoza kwa wingi nchini Ureno na Brazil, linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya msitu, na katika Zama za Kati lilihusishwa na ukoo wa makabaila, yaani wamiliki wakubwa wa ardhi, wa kaskazini mwa Ureno. Hata hivyo, damu ya makabaila hao haielezi wingi wake wa leo, jambo ambalo wapenda nasaba hupenda kulisahau: nchini Brazil, ambako sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban watu milioni 34 wenye jina hilo, karibu mmoja katika kila sita, jina hilo walipewa pia watumwa na wenyeji waliobatizwa, ambao hawakuwa na jina la ukoo la Kireno. Kwa hiyo Rais Luiz Inácio Lula da Silva, aliyezaliwa katika familia maskini ya Pernambuco, si lazima awe na uhusiano wowote na Aníbal Cavaco Silva, rais wa Ureno kuanzia 2006 hadi 2016. Nchini Sri Lanka, walikofika Wareno mwaka 1505, jina la de Silva limebaki hata miongoni mwa Wabudha.