Foleni ya intaneti: Panga lango la nje kwanza

MFANYABIASHARA anayeleta bidhaa kutoka Uganda anaijua vyema foleni ya Elegu na Nimule. Tuseme ndani ya ofisi ya forodha kumewekwa dirisha maalumu la bidhaa zinazooza. Hilo ni jambo jema, lakini ikiwa lori la nyanya limekwama nje nyuma ya malori 40 ya saruji, dirisha hilo halimfai kitu mwenye nyanya.

Intaneti yetu ya Juba ina foleni kama hiyo.

Zamani tulitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe ulichukua kama nusu sekunde kwenda na jibu kurudi. Mwanzoni mwa 2020, kampuni ya Liquid Telecom ilitangaza kuwa faiba yake kutoka mpaka wa Uganda imefika Juba. Hata hivyo, wengi wetu bado tunachanga pesa na kugawana laini moja.

Mimi ni mwalimu niliyesomea uhamishoni Kenya, na sasa nafundisha kompyuta hapa Lemon Gaba. Darasa letu linagawana laini ya megabiti 10 kwa sekunde na maduka ya jirani. Mtu mmoja akipakua sinema, mama anayepatana bei na msambazaji wake wa Kampala kwa simu ya intaneti husikia maneno nusunusu. Bei ikisikika vibaya, hasara ni yake.

Fundi mmoja alitupangia ruta ili simu zipewe kipaumbele, lakini hali haikubadilika. Kwa nini? Mlango wa ruta unaoelekea kwenye modemu unapitisha megabiti 100. Ruta haioni msongamano wowote hapo, kwa hiyo huachia kila kitu kipite. Foleni hujengeka mbele, kwenye modemu, ambako simu na sinema huhesabiwa sawa.

Dawa ni kupanga sera mbili, moja ndani ya nyingine. Sera ya nje, yaani mzazi, huweka kikomo cha jumla chini kidogo ya uwezo wa laini. Kwetu ni megabiti 9. Sasa foleni inahamia ndani ya ruta, mahali tunapoweza kuipanga.

Ndani yake huwekwa sera za watoto. Sisi tulitenga megabiti 1 kwa simu, 3 kwa malipo na barua pepe, 4 kwa masomo, na 1 kwa mengineyo. Simu hutangulia, nayo moja huhitaji kilobiti 100 hivi tu. Fungu lisilotumika hukopeshwa wengine, kwa hiyo usiku sinema hupata nafasi kubwa. Jumla ya mafungu isizidi kikomo cha mzazi, la sivyo ahadi hazitatimizwa.

Ruta za Cisco na MikroTik zote hukubali mpango huu. Aidha, pima kasi ya laini saa za msongamano kabla ya kuweka kikomo, kisha uweke kwa data inayotoka na inayoingia pia.

Kabla ya kumlipa fundi, muulize swali moja: mzazi amewekewa kikomo gani? Akikosa jibu, ujue kipaumbele anachokuuzia ni dirisha zuri lililo ndani, ilhali nyanya zako zinaozea nje.