Ripoti ya mikopo ya Marekani hailipiwi

Kama una ndugu aliyehamishiwa Marekani, anajua kwamba safari ile ilikuwa deni. IOM hukopesha nauli ya ndege bila riba, na malipo yake huingia kwenye ripoti ya mikopo. Mwenye nyumba anaweza kuisoma kabla hajampa mtu ufunguo, kwa hiyo kosa lililomo humo si dogo.

Ripoti hutunzwa na kampuni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Kwa sheria ya kule, anaipata bure kupitia annualcreditreport.com au simu 1-877-322-8228. Anwani hiyo aiandike mwenyewe, herufi kwa herufi, maana matapeli hufungua tovuti zenye majina yanayofanana. Ataulizwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anapoishi na namba ya Social Security. Ripoti yenyewe haihitaji kadi ya benki. Ikiombwa, aache hapo hapo.

Na wewe uliye hapa kambini, au Tsoka kule Lilongwe: mtu akikupigia akitaka namba ya Social Security ya dada yako eti amsafishie jina, kata simu. Wala usiitume kwa WhatsApp. Kama kuna kosa, dada aiandikie kampuni yenyewe. Hilo nalo ni bure.