Suspensheni ya Gari la Spoti Lililozeeka: Impreza katika Barabara za Kila Siku

Subaru Impreza WRX ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa Japani kati ya mwaka 2000 na 2007, ni miongoni mwa magari ya spoti yaliyozoeleka katika barabara za Kenya, na kwa kuwa masharti ya nchi hiyo hayaruhusu kuingizwa kwa gari la mtumba lililozidi umri wa miaka 8, hata yale ya mwisho ya kizazi hicho yalikuwa yamekwisha kupita bandarini kufikia mwaka 2015 au karibu na hapo. Mengi bado huwapeleka wenyewe kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, yakivuka matuta na mashimo ambayo hayakuwamo katika hesabu za waliolibuni gari hilo. Ndiyo maana siku ya kubadilisha suspensheni huwa ni siku ya uamuzi mkubwa, na inasikitisha kwamba uamuzi huo mara nyingi huanzia mahali pasipofaa: mwenye gari huuliza kwanza gari litashuka kiasi gani, ilhali swali la msingi ni kama tairi litaendelea kugusa barabara pale barabara yenyewe inapoharibika.

Suspensheni ni mfumo wa springi, shokapu, mikono ya chuma na vipande vya raba unaounganisha magurudumu na bodi. Mbele, Impreza hutumia nguzo za MacPherson, mpangilio uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kutumiwa katika gari la Ford Vedette nchini Ufaransa mwaka 1949, ambamo springi na shokapu hukaa pamoja katika nguzo moja ambayo pia hulishika gurudumu lisilale. Nyuma nako, katika kizazi hiki, kuna nguzo za aina hiyohiyo. Springi hubeba uzito na kupokea pigo. Shokapu, ambayo wengine huiita shokamzoba, haibebi uzito wa gari. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kudunda baada ya pigo, na huifanya kwa kuyalazimisha mafuta yapenye katika vali ndogo za pistoni hadi nguvu ya mwendo igeuke kuwa joto.

Gari lililokaribia au kupita miaka 20 halifai kuhukumiwa kwa shokapu zake peke yake. Bushi, yaani vile vipande vya raba vilivyobanwa ndani ya chuma kwenye maungio ya mikono, hukauka na kupasuka kwa joto, kwa mafuta yanayovuja na kwa umri tu, hata kama gari halikutembea sana. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini ikichanika, gurudumu la mbele husogea nyuma kila breki inapokanyagwa, pembe ya tairi hubadilika, na dereva huhisi usukani ukivuta upande bila sababu anayoweza kuitaja. Maunti ya juu, kile kikalio cha raba kinachoifunga nguzo kwenye bodi na ambacho kwa magurudumu ya mbele hubeba pia beringi ya kugeukia, ikichoka hutoa mlio usukani unapozungushwa polepole. Kufunga shokapu za bei kubwa juu ya raba za namna hiyo ni kutupa fedha, kwa sababu shokapu haiwezi kudhibiti mwendo unaotokea nje yake. Bushi za poliyurethani, plastiki ngumu inayosifiwa sana na wapenda mbio, hudumu na hukaza usukani, lakini hupitisha mtetemo mwingi ndani ya gari na nyingi huanza kulia grisi inapokauka; kwa gari la kila siku, raba ya kiwango cha kiwandani ndiyo chaguo bora.

Uchunguzi wa shokapu yenyewe unahitaji zaidi ya desturi ya kuibonyeza bodi kwa mikono na kuhesabu inavyodunda, kwani njia hiyo hufichua shokapu iliyokufa kabisa tu. Dalili za kweli ni mafuta yanayolowesha vumbi mwilini mwa nguzo na tairi linalolika kwa mabonde mabonde kuzunguka uso wake. Nguzo ikishafunguliwa na springi kutolewa, fundi anaposukuma fimbo ya shokapu nzima hukutana na ukinzani wa namna moja tangu juu hadi chini; katika iliyochoka, fimbo huteremka kitambo bila kuzuiwa na chochote, kisha hugota ghafla kwenye mafuta, ishara kwamba mafuta yamepungua au yamechanganyika na gesi. Shokapu mpya ya mirija miwili iliyolazwa kwa muda mrefu dukani inaweza kuonyesha hali hiyohiyo hadi itakaposimamishwa wima na fimbo yake kuvutwa na kusukumwa mara kadhaa, kwa hiyo fundi asiikatae wala asiifunge kabla ya kufanya hivyo.

Uhusiano wa springi na shokapu ndio kiini cha suala lote. Bodi ya gari la kawaida la abiria, ikiachwa icheze juu ya springi zake, hupanda na kushuka takriban mara 1 hadi 1.5 kwa sekunde, na gari la spoti huzidi hapo kidogo. Ugumu wa springi ukiongezwa mara mbili, kasi hiyo huongezeka kwa mara 1.4 hivi, na nguvu ya shokapu nayo inahitaji kuongezeka kwa kiasi hichohicho ili bodi itulie kama awali. Anayefunga springi ngumu na fupi juu ya shokapu za zamani hupata gari linalodunda, na anayekata koili za springi kwa msumeno hufanya vibaya zaidi, kwa sababu springi iliyokatwa huwa ngumu na fupi kwa pamoja, na gurudumu likining'inia inaweza kulegea na kutoka kwenye kikalio chake. Tena, gari likishushwa milimita 30, safari ya gurudumu kwenda juu hupungua kwa karibu kiasi hicho, kisha kila tuta huiangusha nguzo juu ya raba ya kikomo, kile kipande laini kilichowekwa kwa ajili ya mapigo ya dharura.

Kushusha gari lenye nguzo za MacPherson kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwa macho. Wahandisi huita kitovu cha mlalo ile nukta ya kufikirika ambayo bodi hulalia upande kwa kuizunguka wakati wa kona. Gari linaposhushwa hadi mikono ya chini ikaelekea juu kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu, kitovu hicho huteremka haraka kuliko kitovu cha uzito, umbali kati ya viwili hivyo hukua, na gari hutaka kulala zaidi, wala si pungufu. Sehemu ya ugumu wa springi mpya hutumika kurudisha kile ambacho ushushaji wenyewe umekipoteza. Wako pia wanaokwenda upande wa pili na kuweka spesa, vipande vya kunyanyulia, juu ya nguzo ili gari lipite kwenye mashimo. Hao huzipa sivi jointi, yaani maungio ya shafti zinazozungusha magurudumu, pembe kali na kuvuruga pembe za tairi, na spesa nene haifai kabisa kwa gari la mwendo wa kasi.

Katika kuchagua shokapu, shokapu za mirija miwili zenye gesi ya shinikizo dogo, kama Excel-G ya kampuni ya Kijapani KYB, ni za bei ya wastani na hulainisha mapigo vizuri. Za mrija mmoja, ambazo Bilstein ya Ujerumani iliziingiza katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957, hutenganisha gesi na mafuta kwa pistoni ya ziada, hupoa haraka, na hubaki na nguvu ileile baada ya mwendo mrefu wa barabara ya vumbi. Mwenye WRX STI, lile toleo kali zaidi la gari hili, hana budi kufahamu kwamba nguzo zake za kiwandani zimepinduliwa, mwili mnene wa shokapu ukiwa ndani ya nguzo na fimbo ikielekea chini, muundo unaohimili mikunjo ya kona lakini unaohitaji grisi safi ndani yake ili usigonge. Koilova, yaani nguzo zenye uzi wa kupandisha na kushusha gari, huvutia wengi, ingawa nyingi huja na springi za karibu mara mbili ya ugumu wa kiwandani, na uzi wake huvamiwa na vumbi bara na chumvi ya bahari pwani hadi ule urekebishaji uliolipiwa ukwame.

Historia ya Impreza yenyewe hapa Afrika Mashariki inaunga mkono ulaini wenye nidhamu. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae na mwaka 2000 likiendeshwa na Richard Burns, na magari ya mashindano hayo yaliinuliwa na kupewa safari ndefu ya magurudumu, kwa sababu gurudumu lililo hewani haliongozi gari, haliliendeshi wala halilifungi breki. Kwa gari la kila siku, basi, hukumu ni hii: springi za kiwandani au zinazokaribiana nazo, shokapu mpya za daraja la juu kuliko springi hizo zinavyodai, na raba zote mpya. Nguzo za mitumba kutoka Japani zinazouzwa Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam zina umri uleule wa zile zinazotolewa, hata zikiwa zimepakwa rangi, na kwa upande wa spea mpya, duka linaloweza kuonyesha wakala aliyeliuzia mzigo linastahili bei yake ya juu.

Kazi nzuri huweza kuharibika dakika za mwisho. Bolti ya juu inayoiunganisha nguzo ya mbele na kikombe cha gurudumu haikukaa katikati, na kuizungusha hubadili mlalo wa tairi, kwa hiyo iwekewe alama kabla ya kufunguliwa na gari lipelekwe alaimenti baadaye. Shokapu zibadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja. Zaidi ya yote, bolti za mikono zisikazwe gari likiwa juu ya jeki, kwa kuwa bushi itakuwa imefungwa katika hali ambayo gari haliishi nayo, na likiteremshwa raba husokoteka na kuanza kupasuka kabla ya wakati wake. Mwenye gari na amuulize fundi jambo hilo moja kabla spana ya mwisho haijavutwa.