Bustani Yetu Wakati wa Masika

Wasomaji wenzangu, wengi wetu hudhani kazi ya masika huanza siku mvua inapopiga mabati. Sivyo. Huku kwetu Murang'a mvua ndefu huingia kama katikati ya Machi, lakini mimi huanza Februari, mchanga ukiwa bado vumbi na majirani wakinicheka.

Mwezi huo natengeneza kitalu cha sukuma wiki nyuma ya jikoni. Nachanganya udongo na samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa (ile mbichi huunguza miche), nasia mbegu kwa mistari, nafunika kwa nyasi kavu. Zikichipuka, nyasi naziinua juu ya vijiti ziwe kivuli. Maji ni yale mama aliyooshea mboga. Baada ya wiki nne hadi sita miche huwa tayari, na mvua nayo imeshika. Anayesia mbegu mvua ikinyesha atachuma Juni, wakati kila boma lina sukuma. Sisi huchuma Mei mapema.

Kunde hazitaki kitalu. Nazipanda mvua ya kwanza, na baada ya wiki nne hivi majani machanga yanachumwa. Hizo ndizo hutuokoa Aprili.

Lakini mvua ni rafiki na adui pia. Mwaka 2024, nilipokuwa kidato cha kwanza, mafuriko yalisababisha ufunguzi wa muhula wa pili kuahirishwa kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Nikiwa nyumbani nilijionea: miche iliyokuwa kwenye matuta ilisimama, ile ya mahali bapa ikasombwa. Tena maji mengi huzamisha rutuba hadi mizizi isikofika, majani ya chini yakawa manjano. Ukiona hivyo, palilia, kisha weka samadi kidogo kando ya kila shina.

Kuchuma nako kuna adabu yake. Vunja majani ya chini, uache yale machanga ya juu. Ndugu yangu mdogo akitumwa mboga huvunja kileleni kwa sababu hataki kuinama, basi siku hizi hatumwi!

Zamani mama alikuwa akitoa shilingi thelathini kila jioni kununua mboga. Tangu Mei zinaingia kwenye kopo la pesa za chakula changu cha mchana hapa shuleni. Sasa nimeacha mistari miwili ya kunde ikomae, nipate mbegu za mvua ya Oktoba.