Salio ya Chama Imekataa? Kabla Umshuku Treasurer, Soma Hii

Tuseme wewe ndio fundi wa kompyuta wa chama ya akina mathe wa Otonglo, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia. Mathe mmoja ameweka 500 kila wiki, wiki nane. Anataka doh ya stoki ya omena. Unafungua systemu, salio ni 3,500. Yeye anaapa ni 4,000. Wasee washaanza kumuangalia treasurer vibaya.

Tulia kwanza. Uliza hiyo hesabu inapigwa na nani.

Salio hakuna mtu huiandika. Ni kolamu inayotokana na michango, na databesi ina njia mbili za kuiweka sawa.

Ya kwanza ni prosija. Hii ni kodi imekaa ndani ya databesi ikingoja kuitwa. Ni kama konda: usiposema "shukisha", mat inapita stage yako. Appu ikiita prosija, mchango unaandikwa na salio inapanda. Sasa siku treasurer amebandika michango ya M-Pesa moja kwa moja kwa tebo, nani ameita prosija? Hakuna. Ile 500 iko ndani, lakini salio haina habari.

Ya pili ni triga. Hii haingoji kuitwa, imefungwa kwa tebo yenyewe. Mchango ukipitia appu ama ubandikwe, inafyatuka.

Lakini triga pia ina noma yake. Nikiwa nishaacha campo, nilisaidia chama flani, nikaweka triga ya kuingiza pekee. Mtu akafuta mchango ulioandikwa mara mbili, salio ikabaki juu. Niliitwa mkutano, na sio wa chai. Weka zote tatu: kuingiza, kubadilisha, kufuta. Halafu uandike mahali kwamba ziko, juu triga hufanya kazi kimya na fundi atakayekuja ataumwa na kichwa.

Kama hesabu iko kwa laini moja, mfano kilo mara bei, achana na zote mbili. MySQL kutoka 5.7 na PostgreSQL kutoka 12 zinajipigia hiyo kolamu. Salio haiwezi hivyo, juu inagusa laini nyingi.

Na kama chama ni ya watu thelathini tu? Usihifadhi salio kabisa. Jumlisha michango kila ukiulizwa. Namba ambayo haijahifadhiwa haiwezi kuchacha.

Mathe apate 4,000 yake, treasurer alale poa.