Mawingu Si Mvua: Tuyaelewe Majibu ya Picha ya Matiti

Hivi majuzi mama mmoja wa kikundi chetu alitujia na karatasi ya majibu ya picha ya matiti. Iliandikwa kwamba hakuna saratani iliyoonekana, ila matiti yake yamesongamana. Usiku huo hakulala. "Si ni saratani tu, wananificha?" alituuliza. Hapana, mama. Lakini swali lako ni zuri, na tumeonelea tulijibu kwa faida ya wote.

Titi lina mafuta, tezi za maziwa, mifereji na nyuzi. Tezi na nyuzi zikizidi mafuta, ndipo husemwa titi limesongamana. Huwezi kujua kwa kupapasa, wala kwa ukubwa wa titi. Huonekana katika picha ya eksirei, yaani mamogramu. Madaktari hugawa matiti katika mafungu manne, na karibu nusu ya wanawake waliopita miaka 40 wamo katika yale mawili yaliyosongamana. Kwa hivyo si ugonjwa.

Mbona basi waandike? Kwanza, katika picha mafuta ni meusi, lakini tezi na nyuzi ni nyeupe, na uvimbe wa saratani nao ni mweupe. Ni kama kutafuta kuku mweupe katika shamba la pamba. Pili, hali hii yenyewe huongeza hatari. Daktari John Wolfe wa Detroit, Marekani, aliliandika jambo hili mwaka 1976. Wanawake wa fungu la juu kabisa hupata saratani kama mara nne kuliko wale wa fungu la chini.

Kuna alama nyingine, nayo huonekana kwa hadubini tu, baada ya kipande kidogo cha titi kukatwa na kupimwa. Chembe za mwili huweza kuwa zimeongezeka na sura yake kuanza kugeuka. Hiyo bado si saratani. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye hali hiyo, kama 30 hupata saratani ya titi katika miaka 25. Wale 70 hawapati. Mawingu yametanda, lakini si kila wingu huleta mvua.

Sasa tufanye nini?

1. Ukipigwa picha, uliza: "Daktari, matiti yangu ni ya fungu gani?" Huko Marekani, tangu Septemba 2024, ni lazima mwanamke aambiwe. Nasi tuulize bila haya.

2. Ikiwa yamesongamana, uliza kama yafaa kuongezewa kipimo cha ultrasaundi, kile wanachopimwa waja wazito.

3. Ikiwa chembe zimegeuka, usikose siku za kurudi kliniki. Zipo pia dawa za kupunguza hatari, daktari atakueleza.

4. Ukihisi uvimbe, rudi upimwe hata kama picha ilisema uko salama.

Karatasi hiyo tusiifiche chini ya godoro, akina mama. Tuipeleke kwa daktari atusomee.