Mistari ya pundamilia kwenye treni za Texas si urembo



Miaka ya nyuma, nikiwa bado mgeni huku Texas, nilikaribia kufa kwenye kivuko cha reli kisicho na kizuizi, kusini mwa Dallas. Alasiri ya Agosti, jua kali. Nikatazama kulia, nikaona kitu kinametameta, nikadhani ni bati la ghala. Nikaanza kuvuka. Honi ndiyo iliyoniokoa. Kosa lilikuwa langu, lakini tangu siku hiyo nimejiuliza: treni nzima inawezaje kujificha mchana kweupe?

Jibu la kwanza ni chuma cha pua. Kampuni ya Budd ya Philadelphia ilivuma mwaka 1934 kwa Pioneer Zephyr, na mwaka 1936 ikafuata Sam Houston Zephyr, kati ya Houston, Dallas na Fort Worth. Mabehewa hayo hayashiki kutu wala hayahitaji rangi. Ila, bwana, kinachong'aa kama kioo huchukua rangi ya jirani yake: mbingu, vumbi, nyasi.

Jibu la pili ni jicho. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Herschel Leibowitz alieleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kasi yake halisi. Treni inayokujia huonekana kama imesimama, hadi imekufikia.

Santa Fe walikuwa na dawa mbili. Texas Chief, iliyoanza 1948 kutoka Chicago kupitia Fort Worth hadi Houston na Galveston, ilivutwa na vichwa vyenye pua nyekundu. Ile ilikuwa fahari ya kampuni. Lakini vichwa vya kupangia mabehewa stesheni, vyeusi, vilichorwa mistari ya mshazari yenye rangi ya fedha, mpaka mwaka 1960. Wenyewe waliiita pundamilia! Kwa nini mshazari? Mjini nguzo zimesimama wima, kuta na paa zimelala. Kilichoinama hujitenga na mandhari hiyo.

Trinity Railway Express ilipoanza Dallas mwaka 1996, ilitumia mabehewa 13 ya Budd ya miaka ya 1950, yaliyonunuliwa Kanada; kama Kenya ilivyonunua mwaka 2020 treni zilizotumika Mallorca. Behewa la aina hiyo halina kichwa: dereva hukaa kwenye ncha ya behewa lenyewe la abiria. Ndiyo maana kampuni mbalimbali zilizokuwa nayo zilipaka ncha hizo rangi kali au mistari.

Usiku, rangi bila mwanga ni bure. Marekani ikaamuru kwamba hadi mwisho wa 1997 vichwa vinavyopita vivuko vya umma kwa zaidi ya kilomita 32 kwa saa viwe na taa mbili za chini pamoja na ile ya juu. Hizo tatu hufanya pembetatu, na pembetatu ikizidi kupanuka, jicho linajua treni inakuja.

Wapenzi wa treni za kale husema mistari inaharibu sura. Nawaelewa, ila siwaungi mkono. Nyumbani, reli mpya ya Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria 2024, imezungushiwa uzio. Ile ya zamani bado inakatiza barabara za watu. Kopo la rangi ni rahisi kuliko daraja, jamani. Tuanze na pua.

Nawasilisha.